Zoar Yasema Ndiyo

Jumanne asubuhi, Bunge la jimbo likiwa bado linapiga miayo na karani anasoma majina, Mheshimiwa Ezell Gaither alijimiminia maji kutoka kwenye jagi la mezani, akainua bilauri, na maji yakamwambia anyooshe tai.

"Imekwenda upande, Ezell," yalisema. "Watu watadhani hukulelewa."

Akainyoosha, akanywa. Jina lake liliposomwa akaitika kwa sauti ile ile aliyoitikia tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na karani akaweka alama.

Sauti ya kwenye bilauri ilikuwa ya mama yake, Odessa, aliyekufa Ezell akiwa na miaka tisa. Mheshimiwa Verlene Boykin, mbunge wa mji mkuu aliyekaa kiti cha jirani, hakugeuza hata shingo.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Analalamikia tai."

"Ana haki. Mimi nimeiona tangu mlangoni, nikanyamaza kwa kuheshimu uzee."

Mjini hilo halikuwa jambo la kusimulia. Tangu maji ya ziwa yaanze kuletwa kwa bomba, kila mwenye jiko alijua kwamba asubuhi huachi kuyatiririsha kidogo mpaka maongezi yapungue, ndipo ujaze birika. Mitaa ya juu walimpata zaidi Shemasi Crum, aliyekuwa na kikohozi. Mitaa ya chini walipata kwaya. Malalamiko yaliyofika idara ya maji hayakuhusu sauti zenyewe, bali kwamba zilizidi siku za kufua.

Bungeni tu ndiko hazikuwa zimefika. Jengo lilikuwa na kisima chake, kilichochimbwa na waasisi wa jimbo, na wabunge walizoea kuwaambia wageni kwamba hakuna maji matamu kama yale. Kiangazi kilichopita kisima kikakauka. Mheshimiwa Carlton Haskew wa Kaunti ya Marlow, aliyesimamia kamati ya majengo, akatoa hoja kwamba bomba la mji liingizwe ndani. Hoja ilipita bila mjadala. Ezell naye alisema ndiyo, maana alikuwa na kiu.

*

Zoar ulikuwa mji mdogo wa wakulima weusi, kwenye bonde la Kaunti ya Tolliver. Waliouanzisha walikuwa wametoka utumwani na walikuwa wasomaji wazuri wa Mwanzo. Waliupa jina la ule mji mdogo alikokimbilia Lutu, ambao Mungu hakuuteketeza, wakaamini jina litawalinda. Liliwalinda na moto. Maji hayakutajwa.

Ezell alikuwa na miaka kumi na moja kampuni ya umeme ilipotaka ziwa. Kaunti iliitisha kura kuchagua bonde. Kwa sheria za wakati ule watu wa Zoar hawakuruhusiwa kupiga kura, kwa hiyo ziwa likaenda Zoar, kama maji yanavyokwenda palipo chini. Kampuni iliahidi kuhamisha makaburi. Ilihamisha mawe. Yalipangwa kilimani kwa mistari iliyonyooka, kila moja na jina lake, na chini yake hakuna mtu. Baba yake Ezell alipofariki miaka ya baadaye, walimzika pale kilimani kando ya jiwe la mkewe. Tangu siku hiyo mzee Gaither amelala ubavuni mwa jina.

Hilo ndilo lililompeleka Ezell Bungeni. Alitaka mama yake atolewe majini, azikwe pakavu kando ya baba, na yeye mwenyewe awe hai kuliona.

Mchana alipasua magogo kiwandani, jioni alisoma sheria katika darasa la watu wazima lililokuwa nyuma ya kanisa. Aliyewafundisha, wakili mzee mwenye kifua kibovu, aliwaambia jambo moja ambalo Ezell hakulisahau. "Sheria ikisema jambo litafanyika, huo ni mlango. Ikisema laweza kufanyika, huo ni mlango uliochorwa ukutani. Wengi wamevunja pua zao hapo."

Aliposhinda kiti mara ya kwanza alipewa nafasi ya nyuma kabisa, kando ya bomba la joto, na akakataa kuihama hata alipokuwa mkongwe kuliko wote. Katika miaka yake Tolliver ilipata zahanati, ikapata lami mpaka kwa wafugaji wa kuku, ikapata shule ya ufundi ambayo vijana wake walikwenda kuajiriwa majimbo ya jirani. Watu walimpenda, na yeye alijua kwamba wanampenda, wala hakujifanya hajui.

Ila mswada wa Zoar haukupita. Ulikuwa na sentensi moja tu: Maji ya ziwa yatapunguzwa mpaka wafu wa Zoar watolewe na kuzikwa kilimani. Kila kikao aliusoma, kila kikao Spika aliuliza wanaoafiki, akauliza wasioafiki, na Kiti kikasikia siyo. Maspika walikuja wakaenda. Mmoja alikufa, mmoja alifungwa, mmoja aliokoka. Masikio yao yalikuwa sikio moja.

Mwaka fulani Ezell alikuwa na hakika kwamba ndiyo zilikuwa nyingi, na kwamba siyo zilitoka juu, kwenye roshani ya wageni, walikokaa watu wa kampuni na kofia zao magotini. Akasimama kulalamika. Spika wa wakati ule akatoa uamuzi, na uamuzi ukaandikwa katika kitabu cha Bunge: Kiti hakiulizi sauti imetoka wapi. Kiti kinasikia tu.

Walimcheka siku hiyo mpaka wengine wakapangusa macho. Ezell alikaa chini. Uamuzi nao ukakaa kitabuni, maana hakuna aliyeona haja ya kuufuta.

*

Sasa alikuwa amepita themanini, na magoti yake yalijadiliana kabla ya kila ngazi. Aliamua kwamba kikao hiki kiwe cha mwisho. Alimwambia mama yake, akimwelezea kwenye beseni alipokuwa akinyoa ndevu.

"Ukipumzika wewe, mimi nibaki na nani?" Odessa aliuliza.

"Ndiyo maana nataka mswada upite sasa."

"Basi acha kunyoa polepole."

Mswada ulipangiwa mchana wa Jumanne hiyo. Ilikuwa pia siku ya Marlow. Desturi ya Bunge ni kwamba kila kaunti ina siku yake ya kuwalisha wabunge, nayo Marlow inajulikana kwa kitu kimoja: paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na moshi mpaka likawa gumu kama tandiko la farasi. Haskew alipita kati ya meza mwenyewe na sinia, akigawa vimkate vya moto vyenye vipande vya nyama ndani, kwa sababu alikuwa mkarimu kweli na hakuna aliyebisha hilo.

"Kula, mzee Gaither, kula. Huo mswada wako nimeuzoea kama baridi yabisi. Kila mwaka unanirudia."

"Baridi yabisi haiui, mheshimiwa," alisema Ezell akichukua viwili. "Kazi yake ni kumzika daktari."

"Lakini wale wamelala, mzee wangu. Aliyelala haamshwi." Haskew alikuwa na nyumba ukingoni mwa ziwa, na gati la mashua, na wapiga kura wengi waliokuwa na nyumba na magati kama yake.

"Waliolala hawajali tai yangu imekaaje."

Haskew akacheka, akamwongezea kimkate cha tatu. Wabunge walikula, na kama ilivyo kwa chumvi ya Marlow, wakanywa maji. Wahudumu walijaza majagi, wakayajaza tena, na tena.

Mchana Ezell aliusoma mswada wake. Hakuhutubia kirefu. Alisema kwamba kilimani kuna mawe yenye majina, na kwamba mtu na jina lake hawapaswi kulala mbalimbali. Akakaa.

Haskew akasimama akijipangusa midomo. "Mheshimiwa Spika, mimi sipingi hata kidogo. Naomba neno moja tu libadilike. Palipoandikwa 'yatapunguzwa', pasomeke 'yaweza kupunguzwa'. Ni jambo la lugha tu."

Verlene aliinama kwa jirani yake. "Ameleta ule mlango wako wa ukutani."

"Na kitasa amekichora," alisema Ezell.

"Sikio la kufa halisikii dawa, mzee. Wataupitisha."

"Hilo la pale si la kufa. Ni la mnadani."

Alimaanisha sikio la Spika, Lyle Pruett. Kabla ya siasa Pruett alikuwa dalali wa ng'ombe, na alijisifu kwamba katika mnada wa watu mia tano hakuwahi kukosea nani amepandisha bei, hata kama mtu amekohoa tu. Alikuwa na dosari nyingi, lakini hilo alilifanyia haki. Akainamisha kichwa kidogo, akafumba macho kama alivyofanya mnadani.

"Wanaoafiki marekebisho waseme ndiyo."

"Ndiyo," yalisema mabenchi mengi, kwa sauti ya watu walioshiba.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," alisema Ezell. "Siyo," alisema Verlene, na wengine wachache huku na huku.

Kisha wakasema wengine. Walianzia kwenye majagi. Wakaendelea kwenye mabilauri, yaliyojaa na yaliyobaki nusu. Halafu siyo zikapanda kutoka chini ya mikanda, kutoka matumboni mwa waheshimiwa waliokuwa wametoka kusema ndiyo kwa midomo yao. Shemasi Crum alisema siyo, akakohoa. Kwaya ilisema siyo kwa sauti nne. Walisema wanaume ambao katika jengo la serikali hawakuwahi kufungua kinywa ila kusema ndiyo bwana, na watoto waliokufa kwa ugonjwa wa koo, waliosema kwa nguvu kuliko wote kwa sababu watoto wakiruhusiwa kupiga kelele hawangojei kuambiwa mara ya pili. Na kutoka tumboni mwa Carlton Haskew, katikati ya vifungo viwili vya kizibao, Odessa Gaither alisema siyo, kwa sauti ile aliyowafukuzia wachuuzi waliopunja sukari.

Haskew aliweka mikono yote miwili tumboni. Alipokumbuka kwamba alipaswa kuomba kura zihesabiwe, nyundo ilikuwa imeshagonga.

"Wasioafiki wameshinda," alisema Pruett.

"Mheshimiwa Spika, utaratibu," alisema Haskew. "Hizo sauti si za wabunge."

Ezell alijinyanyua. Magoti yalijadili, yakakubali. Alimwomba karani afungue kitabu cha maamuzi, akamtajia ukurasa bila kuangalia popote. Karani akasoma: Kiti hakiulizi sauti imetoka wapi. Kiti kinasikia tu.

Pruett alifikiri kidogo. "Uamuzi ni uamuzi," alisema. "Hata mnadani sikuwauliza watu fedha wamezitoa wapi. Sasa tunakwenda kwenye mswada wenyewe, ukiwa na neno lake. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Walioisikia ndiyo ile walisema baadaye kwamba haikuwa kelele. Ilikuwa kama kanisa linaposimama, viti vyote vikisogea kwa wakati mmoja. Vioo vya madirisha vilitetemeka, bendera ya jimbo ikajikunjua yenyewe mlingotini, na mafuta ya paja la Marlow yakafanya viwimbi kwenye sinia. Watu wa Zoar walikuwa hawajawahi kupiga kura maishani mwao, na waliipiga kwa pumzi zote. Odessa alisema ndiyo mara mbili. Pruett alilisikia hilo, akafungua jicho moja, akaliacha. Alipouliza wasioafiki, siyo ya Haskew ilitoka karibu peke yake.

"Walioafiki wameshinda."

Nyundo ikagonga. Ezell alibaki amesimama, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha. Verlene alimshika kiwiko, naye akamwacha amshike.

Palikuwa na njia moja iliyosalia. Kanuni inaruhusu mbunge kuomba kura irudiwe, mradi awe alipiga kura upande ulioshinda. Haskew, aliyezijua kanuni, alianza kuinuka.

"Mheshimiwa kutoka Marlow," alisema Verlene, "kwanza utuweke sawa. Kinywa chako kilisema siyo. Ukitaka kurudisha kura, lazima useme tumbo lako limepiga kura na Zoar. Ndivyo?"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi, na juu roshani waandishi wa magazeti wakachukua kalamu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Haskew alibaki nusu amesimama, nusu amekaa, kwa muda ambao hata yeye aliuona mrefu. Mwishowe akakaa.

"Asante, mwanangu," lilisema tumbo lake.

*

Seneti, inayotumia bomba hilo hilo, iliupitisha mswada wiki iliyofuata. Gavana alikunywa chai baridi ya sukari tu, lakini chai nayo huchemshwa kwa maji. Alitia sahihi kabla ya kumaliza kifungua kinywa, akasema alikuwa hana raha tumboni.

Siku ya sherehe watu walifika ukingoni mwa ziwa kwa mabasi, wajukuu na vilembwe wa Zoar kutoka Detroit, Cleveland na Chicago, wanawake wamevaa nyeupe za kanisani, wazee wamebeba majembe yaliyofungwa utepe. Kulikuwa na kambare wa kukaanga, pai za viazi vitamu, na bendi ya shule ya ufundi iliyopiga kila wimbo iliojua kisha ikaanza upya. Magoti ya Ezell yalikataa mteremko, kwa hiyo wakamkalisha kwenye kiti cha kulia chakula, vijana wakakiinua mabegani, wakamzungusha ufukweni kama sanduku la agano. Alipunga mkono kwa watu wa juu. Kisha akavua kofia, akaielekeza majini, na walioko chini wakaanza kuimba. Ziwa lilitikisika taratibu kutoka gati hadi gati. Waliokuwa kwenye mashua walishika kingo, wakapunguza mwendo, wakaendelea kuvua.

"Baba yako yuko hapo?" Odessa aliuliza kutoka kwenye wimbi lililofika karibu.

"Yuko kilimani. Jembe liko tayari."

"Mwambie nakuja."

Ezell alipandishwa kilimani kwa kiti kile kile, akamwambia. Jioni ile alikula vipande vitatu vya pai, na watu wote walioomba kumshika mkono aliwapa.

Kampuni ya umeme ikaenda mahakamani. Mahakama inayosikiliza kesi za namna hiyo iko mji mwingine, upande wa pili wa milima, unaokunywa mto wake. Jaji alikuwa mtu mwadilifu. Mawakili wa jimbo walimweleza habari za Zoar, naye akaomba bilauri ya maji, akanywa yote, akasubiri kama walivyomwomba, hata akaweka mkono tumboni. Hakusikia kitu. Akaamuru sheria isitekelezwe mpaka atakaposikia la kumridhisha. Ziwa halikushuka hata upana wa kidole.

Bunge liliendelea na kazi. Kwa kuwa Kiti kilikuwa kimeshawasikia, hakikuweza tena kusema hakiwasikii, na baada ya muda Pruett aliona ni adabu kuuliza: "Wanaoafiki, wa juu na wa chini, waseme ndiyo." Hakuna wabunge waliohudhuria kama wa Zoar. Walipiga kura kuhusu paa za shule, leseni za vinyozi, na barabara ambazo hawatazipita. Haskew alijifunza kunywa bilauri mbili kabla ya kuwasilisha hoja yoyote, ili ajue mapema. Miswada yake ikawa mizuri zaidi, na watu wa Marlow wakamsifu kwa hilo.

Siku ya mwisho ya kikao, asubuhi, wenzake walikuwa wameshamwandalia Ezell saa ya dhahabu na keki. Yeye aliomba nafasi, akasoma mswada mpya, nao ulikuwa na sentensi moja: Bomba la maji ya ziwa litapelekwa mpaka mji wa mahakama.

Haskew ndiye aliyesimama kuunga mkono. Alisema ameshauriana na tumbo lake na kwamba mji ule umekuwa na shida ya maji safi tangu zamani. Spika aliuliza wa juu na wa chini, na haikusikika siyo hata moja, juu wala chini. Keki wakaila hivyo hivyo. Saa wakairudisha dukani.

Wahandisi walisema bomba litachukua miaka saba, kwa sababu ya milima.

Kesho yake Ezell alikwenda ofisi ya uchaguzi ya Tolliver, akapanda ngazi zake moja moja, akamsalimu karani, Bi Faircloth.

"Mzee Gaither, si ulisema unastaafu?"

"Nilisema."

"Na magoti?"

"Magoti hayapigi kura, mama. Nipe kalamu."

Aliandika jina lake kamili, akaandika umri bila kuupunguza, na mahali pa anwani akaandika Zoar. Makarani wa zamani walikuwa wakilikata neno hilo kwa mstari na kuandika juu yake jina la ziwa. Bi Faircloth alilisoma, akalipuliza wino ukauke, akagonga muhuri.